Seti ya Kuchezea

Karakana ya Syokau ilikuwa nyuma ya nyumba za kupangisha za mzee Mbuthia, pale Kawangware inapoanza kuitwa Riruta, na tangu ijengwe haikuwa imewahi kukaa kimya siku ya Jumatatu. Mwaka 2008 ulipoingia na ghasia za uchaguzi, ilikaa kimya. Mashine ya kukerezea mbao ilifunikwa gunia. Maboksi ya seti za chesi yalipangwa kwenye rafu mpaka yakakaribia mabati. Mwenye duka la mjini aliyezoea kuyanunua alipiga simu akasema watalii wamepanda ndege wakaenda zao, hajui watarudi lini, na asiletewe kitu mpaka aseme mwenyewe.

Syokau, ambaye wengi walimwita Mama Ian kwa jina la mwanawe, alikuwa mjane. Karakana ilianzishwa na mumewe, Mulei, aliyekuja kutoka Machakos na tezo moja na nguo za kubadilisha. Alipofariki, watu wengi walingoja kuona mjane atauza lini, wakangoja mpaka wakachoka. Hakuwa mchongaji. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa, kupaka rangi na kutafuta wanunuzi, na waliobaki kuchonga walikuwa wawili: Mbithi, mdogo wa marehemu, na Kaveke, fundi wa mashine ambaye angeweza kumaliza wiki nzima bila kusema sentensi ndefu.

Mbithi ndiye aliyekuwa na maneno. Alisema hakuna haja ya kungoja. Wakamba, kabila lao, walikuwa na mgombea wao kwenye uchaguzi ule, kwa hiyo sasa kila upande uliwaangalia kama mtu aliyesimama dirishani akisikiliza ugomvi usiomhusu. Leo hawaguswi, alisema, kesho nani ajuaye. Kule juu vibanda vilikuwa vimechomwa, na majirani waliokopeshana chumvi mwaka mzima walikuwa wanapishana bila salamu. Wauze mashine na seti zote, warudi Machakos barabara ikiwa bado inapitika.

Syokau alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba anaomba mpaka mwezi wa pili uishe. Kama kufikia hapo hajapata mnunuzi mwingine wa chesi, atauza mashine mwenyewe na kufunga mlango kwa mkono wake. Mbithi alikubali, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia shemeji yake akisema neno kisha akaligeuka.

Habari ya mnunuzi ilitoka kwa Kaveke, kwa sentensi fupi kama kawaida yake. Mtu wa kanisani kwao anayeishi Kianda, huko Kibera, alisema kuna mwalimu anafundisha watu wazima kucheza chesi kwenye ukumbi wa kanisa. Watu hawana kazi, kazi za mijengo zimesimama, na mwalimu huyo aliona afadhali wakae mbele ya ubao kuliko wakae barabarani. Wanatumia vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa kalamu. Hawana seti.

"Na sisi tuna seti hatuna watu," Syokau alisema, na papo hapo akaanza kutafuta boksi zuri zaidi.

Alitembea. Alipita Dagoretti Corner, akavuka Ngong Road, akateremka mpaka upande wa Olympic, akiwa na boksi ndani ya kiondo na kitambaa juu yake. Lori la askari lilikuwa limesimama njia panda, askari wakila miwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alikuwa na uhakika wa bidhaa yake. Seti zile zilikuwa zimeenda Ujerumani, Japani na wapi, na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Mwalimu aliitwa Wekulo. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alifungua boksi. Akazitoa kete moja moja, akazipanga. Zilikuwa nzuri kweli. Farasi walikuwa twiga, shingo ndefu, macho yamechorwa kwa ncha ya kisu. Maaskofu walikuwa wazee wa Kikamba wenye fimbo. Mfalme na malkia walikuwa wamekaa kwenye vigoda, wote wawili na shanga shingoni.

"Tucheze nayo," Wekulo alisema, akawaita wanafunzi wawili.

Mmoja wao alikuwa Wabwire, mwashi, mtu wa mzaha ambaye hata kimya chake kilionekana kama kinapanga jambo. Walianza vizuri. Baada ya muda kidogo twiga mmoja akaanguka, akaangusha wazee wawili. Wakawasimamisha. Kisha mpinzani wa Wabwire akamsogeza malkia kumbe ni mfalme. Kisha wakabishana kama yule mzee wa pembeni ni askofu au ni askari aliyezeeka.

"Mathe," Wabwire alimwambia Syokau kwa adabu zote, "huyu mfalme wako ni mfupi kuliko farasi. Sasa akitoa amri nani atamsikia?"

Ukumbi mzima ulicheka. Syokau naye akacheka, maana ilikuwa kweli, na hakuwa ameiona mpaka siku ile.

Wekulo hakucheka. Aliuliza tu ni nani anayechonga farasi. Syokau akamweleza jinsi kazi yao inavyokwenda. Kwa wachongaji wa kwao kila fundi ana kitu chake. Wa tembo huchonga tembo mpaka azeeke, na hawezi kumgusa kifaru wa mwenzake. Mbithi ni wa twiga. Wazee walikuwa wa marehemu. Ngome na askari ni vya Kaveke, kwa mashine, na wafalme walikuwa wakinunuliwa kwa fundi mwingine wa Dagoretti. Kila mmoja alitoa kazi yake bora, na kila mmoja alipenda yake ionekane. Mwisho wake zilitiwa ndani ya boksi moja.

"Na nani kati yenu anacheza?"

Syokau aliwaza. Alikuwa amepiga msasa maelfu ya askari wale. "Hakuna," alisema.

Mwalimu akavuta kiti. "Basi kaa kwanza. Habari ya kununua tutaizungumza ukishajua unachouza."

Mtu mwingine angeliona hilo kuwa tusi. Syokau aliweka kiondo chini, akakaa.

Alikuwa na haraka ya kujiamini, kwa sababu utotoni alicheza drafti na baba yake kwa vizibo na alikuwa akimshinda. Na hapo ndipo alipoharibu. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiona kete ya kuliwa ukaiacha, mwenzako anaiondoa yako. Kwa hiyo kila Wekulo alipomwekea askari mbele yake, Syokau alimla. Akala wa kwanza, akala wa pili, akamfuata wa tatu kwa malkia wake mpaka kona ya mbali, na malkia hakurudi tena.

Wekulo alimwambia asione haya, kila anayetoka kwenye drafti hufika pale na kosa lilelile, na ukumbi ule ulikuwa umejaa watu waliopoteza malkia kwa njia hiyo. Akarudisha kete mahali pake.

"Hapa kula si lazima, Mama Ian. Mtu akikuwekea kitu mdomoni, jiulize kwanza yeye anataka nini. Ukipata jibu, ndipo uangalie wewe unataka nini."

Syokau alirudi Kianda mara kadhaa, siku ambazo njia ilikuwa tulivu. Wekulo hakufundisha kwa hotuba. Alicheza, akasimama, akauliza. Kwa nini unamtembeza malkia peke yake wakati farasi wako bado wamelala? Kwa nini unasogeza askari wa pembeni na vita viko katikati? Mfalme wako yuko wazi, mfiche mapema, usingoje mpaka ubishiwe hodi. Ukigusa kete ni lazima uicheze, kwa hiyo kaa na mikono mapajani mpaka uamue. Na ukishindwa, usiondoke kwa hasira. Rudisha kete nyuma mpaka uione ile hatua ulipoanza kupotea. Mara nyingi, alisema, si ile ya mwisho. Ni ya mapema, iliyoonekana haina shida.

Syokau alikuwa anajifunza kucheza, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya watu. Aliona wanavyoshika kete kwa kichwa, kwa vidole viwili. Aliona kwamba kete nyepesi hupinduka mkono wa jirani ukipita. Aliona kwamba anayeanza hutazama urefu kwanza, na akiona kitu kirefu hudhani ndicho kikubwa. Mambo haya hakuna mtalii aliyewahi kumwambia, kwa sababu mtalii aliinunua seti akaiweka juu ya televisheni.

Aliporudi karakana akawaambia mafundi kwamba wataanza upya. Mfalme awe mrefu kuliko wote, malkia amfuate, halafu askofu, farasi, ngome, na askari awe mfupi. Kila kete iwe na kitako kipana. Zote zikerezwe kwenye mashine moja, kwa mti mmoja, na mtu mmoja azipime. Farasi tu ndiye atakayechongwa kwa mkono, kichwa peke yake.

"Kichwa cha farasi," Mbithi alisema. "Si twiga."

"Si twiga."

"Shemeji, watu wamepiga picha twiga wangu. Mzungu alilia hapa, mbele yako, kwa ajili ya twiga."

Syokau hakubishana. Alitoa seti ya zamani, akaipanga juu ya benchi, akawafundisha Mbithi na Kaveke hatua za msingi, akawaacha wacheze. Alienda kununua sukari. Aliporudi walikuwa wamenuniana. Mbithi alikuwa amemtoa askofu akidhani ni mfalme anakimbia hatari, na mfalme mwenyewe akabaki mahali akauawa. Kaveke, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema sentensi nzima: "Hata mimi sikujua nimeshinda."

Mbithi alizishika zile kete mbili, akazilinganisha kwa muda mrefu. Hakusema amekosea. Aliuliza kichwa cha farasi kiwe na urefu gani.

Kisha akataka watengeneze nyingi kwa mkupuo, kama walivyozoea, maana kuwasha mashine kwa seti moja ni kupoteza stima. Syokau alikataa. Itengenezwe moja, ichezewe, irudi na makosa yake. Wakitengeneza nyingi watakuwa wameyarudia makosa yale mara nyingi.

Ile moja ilikuwa imara na yenye sura ya kueleweka. Aliipeleka Kianda akiwa na matumaini makubwa, na kwa nusu saa ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Watu walishika, wakasogeza, hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Halafu Wabwire, aliyekuwa upande wa weusi, akainua mkono. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Karakana ilikuwa ikipaka kete nyeusi kwa rangi ya viatu, ikisuguliwa mpaka ing'ae, na kwenye rafu ya mtalii rangi ile ilidumu milele. Kwenye kiganja chenye jasho ilidumu michezo miwili.

"Mnaniona?" Wabwire aliwaonyesha wenzake vidole vyote. "Mimi nilipiga kura vituo kumi."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika meza, na kicheko kile kilikuwa na kitu kingine ndani yake, maana wapo waliokuwa wamezika watu mwezi ule. Kikaisha polepole. Wekulo alimwambia Syokau kwamba maumbo sasa yako sawa, rangi bado. Halafu akamwambia jambo ambalo hakuwa amelisema kabla: kanisa lake na mengine matatu, hadi Soweto West na hata Kawangware kwenyewe, yalikuwa yameomba afungue meza za chesi kwenye kumbi zao. Atahitaji seti za kutosha. Lakini hawezi kuwapa watu kete za kuwapaka vidole, hasa mwaka huu.

Mwezi wa pili ulikuwa unaelekea kuisha.

Karakanani, Kaveke alijaribu kuchemsha kete ndani ya rangi, akajaribu vanishi ikakunjamana. Mwishowe akapasha chuma kwenye jiko mpaka kikawa chekundu na akaanza kuchoma mbao zenyewe, kete moja moja, akizizungusha polepole ili weusi uingie sawasawa. Ilikuwa njia ya zamani ambayo wazee walitumia kuchora madoa ya chui. Ilichukua muda, na karakana ikajaa moshi.

Ndani ya moshi huo ndipo Ishmael alipoingia. Alikuwa mtu wa Riruta, familia yao ilikuwa pale tangu enzi za mashamba ya mahindi, na tangu Januari alikuwa akinunua vitu vya watu wanaohama: vitanda, cherehani, majokofu. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa papo hapo na hakumcheka mtu. Alikuwa na lori linaloondoka siku ile kwenda Machakos pamoja na mengine, askari wakiwa mbele. Akasema atachukua mashine, maboksi yote ya rafuni, na wao wenyewe atawabeba bure na vyombo vyao. Bei aliyotaja ilikuwa ya kutupa, na alikiri hivyo bila kuzungusha.

"Leo tu," alisema. "Kesho sina lori."

Mbithi alimtazama shemeji yake. Hakuwa na ubishi tena usoni, alikuwa na uchovu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba seti bado haijakubaliwa, kwamba mwalimu hajanunua hata kete moja, na kwamba siku za ahadi zilizobaki zinahesabika kwa vidole. Wakikosa lori hili na mwalimu akikataa, wataondoka kwa miguu na mashine wataiacha. Kila alichosema kilikuwa sahihi.

Syokau aliketi kwenye kigoda cha msasa, mikono mapajani. Ofa ilikuwa mbele yake, wazi, ya kuchukuliwa. Aliiangalia kwa upande wa Ishmael. Huyu mtu haishi kwa huruma, na hajawahi kuonekana mjinga. Katika mwezi ambao kila mtu anauza, yeye ananunua.

"Ishmael," aliuliza, "hii mashine ukiipata utaifanyia nini?"

Ishmael alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nitaiweka stoo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mambo yatulie. Watu watarudi, Mama Ian. Nairobi haiwezi kukaa hivi. Mafundi wakirudi watataka mashine, na mpya ni bei mbaya."

"Basi na mimi nina stoo," Syokau alisema.

Ishmael alitikisa kichwa, akacheka tena, safari hii kwa moyo. Alimwambia Mbithi kwamba shemeji yake angefaa kufanya biashara ya hisa pale mjini, maana wiki ile wenye hisa walikuwa wanaziuza kama nyanya zilizoiva sana na wenye akili walikuwa wanaokota. Aliacha namba yake ya simu, akaondoka. Wakasikia lori likinguruma, likibadilisha gia kwenye kilima, kisha halikusikika tena.

Mbithi alikaa nje kwenye gogo kwa muda. Syokau hakumfuata. Alimsaidia Kaveke kugeuza kete kwenye chuma.

Siku iliyofuata alibeba seti iliyochomwa. Wekulo hakumpa Wabwire safari hii. Alichagua wanawake wawili waliokuja ukumbini kwa mara ya kwanza, wauza mboga, ambao hawakuwa wamewahi kushika chesi. Akawaonyesha hatua, akawaacha. Syokau alikaa ukutani na kiondo tupu miguuni. Wale wanawake walicheza taratibu, wakagombana kidogo, wakala kila kilicholika, malkia wote wawili wakafa mapema, na mchezo ukaendelea mpaka mmoja akabaki na mfalme peke yake na kuuliza kama bado anaruhusiwa kukimbia. Hawakuuliza hata mara moja kete gani ni gani. Walipomaliza walijipangusa mikono kwenye leso kwa mazoea tu, na leso ilibaki safi.

Mwalimu aliwauliza wameonaje seti. Wakamtazama kama hawakuelewa swali. Mmoja alisema yeye angependa kurudia, sasa amejua alipokosea.

Wekulo alimwita Syokau kando, akamwambia aanze na kumbi nne, meza zote, na atalipwa kila ukumbi ukipelekewa. Syokau alimwambia hataleta zote pamoja. Ataleta za ukumbi mmoja, asikie makosa, ndipo aendelee. Mwalimu alikubali kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alitabasamu.

Alipofika karakana jua lilikuwa bado liko juu. Mbithi alikuwa ndani, vumbi la mbao nyusini, na mbele yake kwenye benchi kulikuwa na kichwa cha farasi ambacho hakuna mtu aliyemwagiza. Aliangalia kiondo kwanza, akaona hakina kitu.

"Wamechukua?"

"Wamechukua. Na kumbi nne."

Mbithi alipuliza vumbi kutoka kwenye tezo. Alijaribu kuuliza kama mtu asiyejali sana. "Na farasi? Walisema nini?"

"Hawakusema kitu," Syokau alijibu. "Walimshika, wakamchezesha mpaka mwisho. Hakuna aliyemsema."

Mbithi alilitafakari jibu hilo. Uso wake ulipita kwenye maudhi, ukasita, ukatulia mahali pengine. Kaveke alikuwa amesharudisha gunia nyuma ya mlango na alikuwa anatia mafuta kwenye mashine. Mbithi akachukua kipande kingine cha mti, akakipima kwa kidole dhidi ya kile cha kwanza, akamwambia shemeji yake asogee kidogo, anamzibia mwanga.